Kalasi ya watoto 80: shida ni hesabu, ao ni namna tunagawa waalimu?



Kila mwaka, wakati matokeo ya ENAFEP na ya Examen d'État inatoka, maneno ni ile ile: "Gratuité iliharibisha masomo. Kalasi zimejaa. Afazali wazazi warudilie kulipa." Mwenye kusema hivi mara nyingi si mtu mbaya. Ni mzazi aliyeona kalasi ya kwanza ya primeri ikijaa mpaka watoto wanakaa chini, ao ni mwalimu mwenye kurudi nyumbani jioni sauti imekwisha. Anachoona ni kweli. Lakini dawa anayotaka haiponeshi, na tujaribu kueleza juu ya nini.

Swali lenyewe ni hili: wingi wa watoto mu kalasi unaharibisha kujifunza kwa kiasi gani? Na wakipunguzwa, nini inabadilika? Swali hili limefanyiwa utafiti kwa miaka karibu 40, Marekani, India, na hata hapa karibu, Kenya. Jibu kwa kifupi: hesabu ya watoto ina maana, zaidi kwa wadogo na kwa watoto wa familia maskini. Lakini kupunguza hesabu peke yake, bila kubadilisha kitu kingine, kunaweza kula falanga nyingi na kuleta faida kidogo. Kwa nchi kama yetu, basi, swali la kwanza ni hili: waalimu tulio nao tunawaweka wapi, na wanafundisha namna gani?

1. Tulifikaje hapa

Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya primeri ni ya lazima na ni ya bure mu shule za Leta. Sheria ya tarehe 11/02/2014 juu ya elimu ya taifa ikarudilia neno hilo. Lakini kwa miaka mingi maneno yalibaki ku karatasi. Wazazi njo walibeba shule mgongoni: minervali, "prime" ya mwalimu, falanga ya hiki na ya kile. Mtoto asiyelipa alifukuzwa, na kila mmoja wetu alijua mtoto wa namna hiyo mu mtaa wake.

Mwezi wa 9 mwaka 2019, gratuité ikaanza kutumika kweli. Watoto waliofukuzwa walirudi, na wengine walihama kutoka shule za privé. Kitu ambacho hakikuongezeka kwa mwendo ule ule ni vyumba, mabanki, na waalimu wenye kulipwa. Mwezi wa 6 mwaka 2020 Benki ya Dunia ilikubali mradi wa dola milioni 800 kwa kusaidia Leta, lakini chumba cha kalasi hakijengwi kwa siku moja, na mwalimu haandaliwi kwa siku moja. Kwa sisi wa mashariki ongeza vita: shule zingine zimefungwa, na zile zilizobaki zinapokea watoto waliokimbia.

Majirani zetu walipita njia hii mbele yetu: Uganda mwaka 1997, Tanzania 2001, Kenya 2003, Burundi 2005. Kila mahali ada ya primeri ilipoondolewa, watoto waliingia kwa wingi na kalasi zikajaa. Kumbe kujaa kwa kalasi si laana ya Congo. Ni alama kwamba kulikuwa watoto wengi inje.

Lakini kuingia mu kalasi si kujifunza. Benki ya Dunia inahesabu kwamba kwetu, watoto 97 kwa 100 wa umri wa miaka 10 hawawezi kusoma na kuelewa andiko rahisi. Tuweke namba hii mu kichwa, tutarudi kwake.

2. Wingi unaharibisha nini hasa

Tufanye hesabu ya mwalimu. Tuchukue somo moja la dakika 30. Kama angetaka kumsikiliza kila mtoto kwa zamu, bila kufanya kitu kingine: akiwa na watoto 90, kila mmoja anapata sekunde 20. Wakiwa 45, sekunde 40. Wakiwa 30, dakika moja.

Sasa makaye. Kusahihisha kaye moja kwa dakika moja, tena mbio mbio, makaye 90 ni saa moja na nusu. Hiyo ni zoezi moja. Kama siku hiyo alitoa mazoezi matatu, ni saa nne na nusu, na mwalimu huyo njo huyo huyo mwenye kutafuta kazi nyingine jioni juu mshahara hautoshi. Basi anafanya kile mtu yeyote angefanya: anaandika ku ubao, watoto wanakopia, kisha wanajibu wote pamoja kwa sauti.

Hapa njo hatari inajificha. Mu kalasi ya watoto 90, watoto 20 wenye kujua wanatosha kwa kufanya chumba chote kisikike kama kinajua. Mwalimu anasikia jibu nzuri, inspekta anasikia jibu nzuri, na wale 70 wanafungua kinywa tu. Ongeza kwamba mara nyingi wanaimba kwa Kifaransa maneno wasiyoelewa, wakati sheria ya 2014 inaruhusu luga za taifa, na Kiswahili ni mojawapo.

Juu ya nini wadogo wanaumia zaidi? Fikiri auditoire ya univerisité yenye wanafunzi 500. Ni vibaya, lakini mwanafunzi anayejua kusoma anaweza kuchukua silabusi, kuuliza rafiki, kujisaidia. Mtoto wa miaka 6 hana silabusi. Mwalimu asipomwona, hakuna njia nyingine. Na asipokamata herufi mu kalasi ya kwanza, kalasi ya pili na ya tatu zinapita juu yake kama gari.

3. Tennessee: ushahidi kwamba hesabu ina maana

Utafiti wenye kujulikana zaidi ulifanyika Marekani, mu jimbo la Tennessee, tangu 1985 mpaka 1989. Unaitwa STAR. Watoto zaidi ya 11,000, mu shule karibu 80, tangu mwaka wa mbele ya kalasi ya kwanza mpaka kalasi ya tatu. Waligawanywa kwa kura mu aina tatu: kalasi ndogo ya watoto 13 mpaka 17, kalasi ya kawaida ya watoto 22 mpaka 25, na kalasi ya kawaida lakini mwalimu akiwa na msaidizi. Waalimu pia walipangwa kwa kura.

Juu ya nini kura? Kwa sababu bila kura, huwezi kujua. Shule ya kalasi ndogo mara nyingi ni shule ya matajiri, na watoto wakifaulu hujui kama ni ukubwa wa kalasi ao ni chakula cha asubuhi na vitabu vya nyumbani. Kura inafanya makundi yafanane.

Matokeo: watoto wa kalasi ndogo walipita wengine. Kwa kupima, chukua mtoto aliyekuwa katikati, nafasi ya 50 kwa 100. Kalasi ndogo ilimpandisha kufika karibu nafasi ya 58. Watoto weusi na watoto maskini walipata faida zaidi. Miaka mingi kisha, waliopita mu kalasi ndogo walijiandikisha zaidi ku mitihani ya kuingia univerisité. Na msaidizi? Karibu hakubadilisha kitu.

Basi wale wanaosema "hesabu ya watoto si kitu, mwalimu muzuri anaweza kufundisha hata 100" wamekosea. Lakini tusikimbie. Tennessee ilishuka kutoka 23 kufika 15, na kila mwalimu wake alikuwa na diploma, mshahara na vitabu. Sisi tunazungumza juu ya kutoka 90 kufika 60.

4. California, Kenya, India: ushahidi kwamba hesabu peke yake haitoshi

Mwaka 1996, jimbo la California liliona matokeo ya Tennessee na likaamua kwa haraka: kalasi za wadogo zishuke kutoka karibu 30 kufika 20. Shule zilihitaji maelfu ya waalimu mara moja. Wengi walichukuliwa bila cheti. Waalimu wenye uzoefu waliokuwa mu shule za maskini walihamia shule za matajiri, juu kule nafasi mpya zilifunguka. Watoto waliohitaji zaidi njo walibaki na waalimu wapya zaidi. Faida iliyopatikana ilikuwa ndogo.

Kenya iko karibu na hali yetu. Mwaka 2005, miaka miwili kisha masomo ya bure kuanza, Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifanya utafiti mu shule 210 za magharibi ya Kenya. Duflo na Kremer walipata Prix Nobel ya uchumi mwaka 2019. Kalasi ya kwanza ilikuwa na watoto zaidi ya 80. Shule 140, zilizochaguliwa kwa kura, zilipewa pesa za kuajiri mwalimu mmoja wa mkataba, na kalasi ikagawanywa karibu mara mbili.

Angalia matokeo vizuri. Watoto waliobaki na mwalimu wa Leta, sasa wakiwa karibu nusu ya zamani, hawakuendelea sana. Juu ya nini? Waalimu hao walipoona kuna mwingine wa kusaidia, walipunguza kuja kalasini. Watoto wa mwalimu wa mkataba waliendelea. Na mahali ambapo komite ya wazazi ilifundishwa kufuata kazi ya shule, ule uvivu ulipungua.

Kati ya shule hizo kulikuwa jaribio lingine ndani. Mu shule zingine kalasi iligawanywa kwa kura. Mu zingine iligawanywa kufuatana na kiwango cha watoto, wenye kujua zaidi upande mmoja, wenye kujua kidogo upande mwingine. Kisha miezi 18, pale walipogawanywa kwa kiwango, watoto wote walikuwa mbele ya wenzao wa zile zingine, wenye nguvu na wanyonge pia. Hesabu ya watoto ilikuwa sawa; kilichobadilika ni kwamba mwalimu alijua anafundisha nani.

India njo inamaliza mabishano. Mwaka 2001 mpaka 2003, mu miji ya Mumbai na Vadodara, shirika la Pratham lilichukua wasichana wa mtaa waliomaliza segonderi, likawapa mafunzo mafupi, na kila mmoja akapewa kikundi cha watoto karibu 20 waliobaki nyuma. Saa mbili kwa siku, kusoma na kuhesabu tu. Watoto hao walipanda sana. Na wale waliobaki mu kalasi, ambao sasa walikuwa wachache na waliondolewa wenzao "wanaochelewesha"? Hawakupanda. Kalasi yao ilipungua, lakini mwalimu aliendelea kufundisha ile ile, namna ile ile.

Kenya ina somo moja la mwisho. Ule mpango wa waalimu wa mkataba ulijaribiwa tena baadaye kwa ukubwa zaidi. Mahali ulisimamiwa na shirika lisilo la serikali, uliendelea kufaa. Mahali ulisimamiwa na Leta, faida haikuonekana. Mishahara ilichelewa na usimamizi ulikuwa mdogo. Waalimu wetu wa NU, wale wanaofundisha bila kuwa ku listi ya malipo, hawahitaji kuelezwa maana ya somo hilo.

5. Wastani inaficha nini

Wakubwa wanapotoa ripoti, wanapenda kusema: "Wastani ni watoto 40 kwa mwalimu mmoja." Tuchukue shule moja ya mfano tu. Waalimu 6, watoto 240. Wastani ni 40, na kila mtu anashangilia. Lakini ndani iko hivi:

Kalasi ya kwanza: 80
Ya pili: 55
Ya tatu: 40
Ya ine: 30
Ya tano: 20
Ya sita: 15

Jumla ni 240. Lakini mtoto mmoja kwa watatu wa shule hiyo anakaa mu kalasi ya 80. Ukimuuliza kila mtoto "muko wangapi mu kalasi yenu?" na ukatafuta wastani ya majibu yao, haitakuwa 40, itakuwa 52. Wastani ya ripoti ni ya mwalimu. Ya mtoto ni nyingine.

Umbo hili si la kubuni bure: mapana chini, nyembamba juu, ni vile shule nyingi za bara letu ziko, juu watoto wanaingia wengi na wanaangukia njiani. Na direkta anampa nani kalasi ya sita? Mwalimu wake muzuri zaidi, juu ya ENAFEP, juu jina la shule linatangazwa kwa wale 15. Kalasi ya kwanza inapewa yule aliyefika jana. Hakuna mtu anayetangaza matokeo ya kalasi ya kwanza.

Sasa fanya hivi, na waalimu wale wale 6, vyumba vile vile 6. Unganisha ya tano na ya sita: watoto 35. Gawa ya kwanza mara mbili: 40 na 40. Hesabu mpya: 40, 40, 55, 40, 30, 35. Kalasi kubwa imeshuka kutoka 80 mpaka 55, na hujatumia falanga hata moja ya kujenga. Kama unaogopa juu ya ENAFEP, acha ya sita peke yake na unganisha ya ine na ya tano: watoto 50. Si rahisi. Kufundisha kalasi mbili pamoja inaomba matayarisho, na wazazi wa wakubwa watalalamika. Lakini hata kuacha vile ilivyo ni uamuzi. Ni uamuzi wa kumpa mtoto wa kalasi ya sita mwalimu wa watoto 15, na wa kalasi ya kwanza mwalimu wa watoto 80.

Na ile hesabu ya Leta vilevile ina mwisho. Watoto 600 kwa kalasi za 100 ni waalimu 6. Kwa kalasi za 50, ni 12. Kwa kalasi za 25, ni 24. Kila mara unapogawa nusu, mshahara unakuwa mara mbili. Njo maana kusema "tunataka kalasi ya 25 kila mahali" ni kusema kitu kizuri ambacho hakitafanyika. "Hakuna kalasi ya kwanza wala ya pili yenye kupita 50" ni kitu ambacho mtu anaweza kupima, na mkubwa anaweza kuulizwa.

6. Basi tuombe nini, tufanye nini

Kwa Leta: kwanza, walipe waalimu walio kalasini tayari, hasa NU. Mwalimu asiyelipwa hafundishi 90 wala 30. Pili, waalimu wapya waanzie ku kalasi za chini. Tatu, namba zitolewe kalasi kwa kalasi, si wastani ya provinsi.

Kwa direkta: gawa kwa kuangalia mtoto mdogo kwanza. Kama kalasi inagawanywa, angalia kiwango chao, lakini kwa adabu: kikundi cha wanyonge kisiitwe "wajinga", kisipewe mwalimu wa mwisho, na mtoto akipanda abadilishwe kikundi. Kuweka watoto wanyonge mu kona na kuwasahau si kile kilichofanyika Kenya.

Kwa sisi: wengi wetu tuko na diploma ya ISP ao ya fakilte fulani, na kazi bado. Wale wasichana wa India walikuwa na segonderi tu. Wakati wa vakansi, mwezi wa 7 na wa 8, kikundi cha watoto 15 ao 20 chini ya mti ao mu sale ya parokia kinawezekana. Mpime kila mtoto peke yake: herufi, neno, maneno ya mistari michache, hadithi fupi. Pratham wanapima hivyo India, na Uwezo wamepima hivyo Kenya, Tanzania na Uganda. Dakika chache kwa mtoto zinatosha kujua anasimama wapi. Anza pale anaposimama, kwa Kiswahili, si pale kitabu kinaposema angepaswa kusimama. Hii haiondoi deni la Leta. Lakini mtoto wa miaka 8 leo hataweza kungojea bajeti ya mwaka 2030.

Na kwa yule anayesema turudilie kulipa: ni kweli, minervali inapunguza watoto mu kalasi. Inapunguza kwa kumtoa mmoja, na tunajua ni nani anatolewa. Kwanza ni yule wa mama mjane, kisha yule aliyekimbia vita, kisha msichana mbele ya kaka yake. Tennessee ilionyesha kwamba watoto maskini njo wanafaidika zaidi na kalasi ndogo. Kupata kalasi ndogo kwa kuwafukuza hao hao ni kutupa mtoto kwa kusafisha nyumba. Na wale waliobaki, wakifundishwa kwa kuimba kama zamani, wataendelea kuwa ndani ya ile 97 kwa 100.

Mbele ya mwezi wa 9, kila mmoja wetu apite ku shule moja ya mtaa wake na aulize direkta maswali matatu: kalasi ya kwanza iko na watoto wangapi? Mwalimu wake ni nani, na Leta inamlipa? Mwisho wa mwaka uliopita, wangapi kati yao walikuwa wanaweza kusoma mistari miwili? Tulete majibu, tuyaweke pamoja, tuyapeleke ku sou-divizio na kwa wadeputé wetu. Namba za kalasi kwa kalasi zina nguvu kuliko malalamiko ya kila mwezi wa 7.